Kaya Namba 117

Profesa Battsengel hutufundisha Jumanne,
ghorofa ya tatu, madirisha yamezibwa kwa magazeti:
mtafiti ni mizani, si mkono.
Mizani haichagui nyama,
haimwonei mnunuzi huruma.
Tuliandika. Kalamu zilikuwa zimeganda,
tukazipasha moto mdomoni kama watoto.

Kisha nikapewa mlima.

Kaya sitini juu ya Ulaanbaatar, mahema ya sufu na vibanda vya mbao,
kila dohani ikiandika hati yake juu ya bonde
hadi bonde lisisomeke.
Begini: vipima-vumbi vitatu, kipima-pumzi,
midomo ya karatasi mia mbili,
dodoso la kurasa kumi na moja,
soseji ya kumbembeleza mbwa, jiwe la kumfukuzia.
Swali la kwanza: mtoto ana umri gani?
Swali la arobaini: usiku wa jana alikohoa mara ngapi?
Jibu likikosekana, andika tisini na tisa.

Mashine za kusafisha hewa zilikuwa nyeupe zote, zote zilivuma.
Nusu zina kichujio, nusu hazina kitu.
Kompyuta ilipiga kura, ikaizika siri:
mimi sijui, mlezi hajui, mtoto hajui,
na huko kutojua, alisema Profesa,
ndiko kutakakotujuza.

Bibi Dulamsuren alijua.

Alinimiminia chai ya maziwa na chumvi, akangoja nifike nusu,
kisha akaleta bisibisi kama mtu aletaye ushahidi.
"Mwanangu, nimetengeneza turbini za umeme miaka thelathini.
Ulidhani nitaletewa chombo nisikifungue?"
Skrubu nne. Feni.
Nyuma ya feni, nafasi ya kitu.
"Tangu lini?"
"Wiki ya kwanza."
"Na bado unaiwasha?"

Akamtazama Enerel, miaka saba, amelala,
kifua chake kikipanda mlima mkali kuliko wangu.
"Daktari hapandi huku. Wewe wapanda kila mwezi
kwa sababu ya huu mvumo.
Nikiuzima, utakuja kufuata nini?"

Ipo fomu ya hilo; fomu haikosekani.
*Siri imefichuka: tarehe, sababu, hatua iliyochukuliwa.*
Kwenye sababu niliandika: fundi.
Kwenye hatua kalamu iliganda tena,
na jiko lilikuwa linawaka.

"Rudisha skrubu zake," Profesa alisema simuni.
"Machi tutajua mbivu na mbichi. Machi wote watapata vichujio."
Machi ilikuwa mbali.
Januari ilikuwa imemkalia mtoto kifuani.

Kanuni: apulize mara tatu, uandike iliyo bora.
Sabini na sita.
Sabini na nane.
Themanini na moja.
Rufaa ya hospitali ni chini ya themanini.
Nilimtazama Bibi. Bibi alitazama kalamu.
Ni tarakimu mbili tu, nani angejua?
Niliandika themanini na moja.

Kisha nikavua kitambulisho cha chuo, nikakitia mfukoni,
nikamfunga Enerel mgongoni kwa shali ya bibi yake,
nikateremka naye kwenye barafu hadi penye teksi.
Nauli nililipa mimi. Foleni tulipanga wote.
Usiku, kwenye hatua iliyochukuliwa,
niliandika hayo yote, hata bei ya teksi.

Juni, watahini watatu, maji ya chupa, tai.
Mmoja alifunua ukurasa wa themanini na nane,
akaweka kidole juu ya tanbihi.
"Kaya hii umeiondoa?"
"Katika jedwali la pili, ndiyo."
"Na katika la kwanza?"
"La kwanza linahesabu kila aliyepigiwa kura."
Akaandika kitu. Sikukiona.

Kichujio cha Machi Bibi alikitia mwenyewe.
Bisibisi yangu aliikataa.
Aliniuliza tu, huku akikaza skrubu ya nne,
mwezi ujao ningekuja siku gani.